Nyuma ya Ukuta wa Risasi

Alhamisi asubuhi, saa tatu kasorobo, mlango wa chumba cha picha ulisukumwa na magurudumu ya kiti. Kwenye kiti alikaa mwanamke niliyekuwa nikiomba nisikutane naye mpaka nijue la kumwambia. Mkono wake wa kulia aliupakata kwa wa kushoto kama aliyebeba mtoto mgonjwa, na kifundo kilikuwa kimevimba hata bangili ya shaba imezama nyamani. Aliyekuwa akimsukuma ni mwanawe wa pekee. Na huyo mwanawe ndiye mwanamume niliyempenda.

"Ameteleza bafuni," alisema, macho yakiwa sakafuni. "Daktari anataka picha mbili. Mbele na ubavu."

"Shikamoo, mama. Pole sana."

Mama aliniangalia kuanzia viatu mpaka nywele, kisha akamgeukia mwanawe.

"Hakuna mwingine?"

Hospitali nzima ilimwita mwanawe Plasta, kwa sababu kazi yake ni kufunga plasta waliovunjika. Mimi nawapiga picha, yeye anawafunga. Mapenzi yetu yalianzia kwenye mifupa ya watu. Siku ya kwanza alipokuja kuulizia picha ya mgonjwa wake, nilikuwa mwanafunzi wa miezi miwili, nimejaa majivuno ya kitabu, nikamweleza kwamba picha ya eksirei si kitu ila kivuli cha mfupa. Akacheka. Tangu siku hiyo hakuniita jina langu tena; aliniita Kivuli. Alikuwa na macho ya mtu anayesikiliza hata ukiwa umenyamaza, na mikono yake, iliyokauka kwa chokaa, ilikuwa na upole ambao sikuwahi kuuona kwa mwanamume.

Hospitali yetu inasomesha wapiga picha wake yenyewe. Ni miaka mitatu: darasa kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa mbili asubuhi kwenye chumba kilichokuwa stoo, mchana kutwa kwenye mashine, na kulala kwenye bweni lililo nyuma ya chumba cha kufulia. Ukihitimu unaitumikia hospitali miaka miwili. Mimi nilikuwa mwaka wa pili. Nilikuwa nakula, nasoma, naugua na kupona ndani ya uzio mmoja. Chumba cha picha hakina dirisha. Mlango wake una bati la risasi, madini yanayozuia mionzi, ndani ya mbao, mzito kama mlango wa ghala. Na kana kwamba hayo hayatoshi, mlinzi wa geti alikuwa baba yangu mzazi.

Baba alikuwa amefungua na kufunga geti lile miaka kumi na tisa. Nafasi yangu ya masomo ilipatikana asubuhi moja alipokataa kumfungulia mganga mkuu. Alisimama mbele ya gari, kofia mkononi, akasema, "Miaka yote nakufungulia, sijawahi kukuomba kitu. Leo naomba. Binti yangu ana akili." Watu waliocheka siku ile bado wananikumbusha. Kwa hiyo nikichoka, nikitamani kutupa vitabu na kutoka, pa kutokea palikuwa getini tu, na pale alikaa mtu aliyejidhalilisha ili niingie.

Wiki tatu kabla ya Alhamisi ile, Plasta alinipeleka kwao. Mama alinipokea kwa mikono miwili. Alinikalisha kwenye kiti kizuri, akasifu sauti yangu, akaniuliza habari za wazazi. Mambo yalikuwa yanakwenda kama maji mtaroni, mpaka akauliza ninasomea nini.

"Upigaji picha wa hospitali, mama. Eksirei."

Kikombe chake kilishuka polepole. "Ile ya mionzi? Inayokausha kizazi?"

"Mama, tuna kinga. Tunapimwa..."

"Mwanangu," alimwambia Plasta, kana kwamba mimi nimeshaondoka, "mimi nimezaa mmoja tu. Ukoo wa baba yako umesimama kwako kama nyumba iliyosimama kwa nguzo moja. Unataka kuiletea nguzo hiyo mchwa?"

Tangu siku hiyo simu za Plasta zilikuwa nyingi na maneno yake machache. Mimi nikaacha kuzipokea. Niliogopa kusikia lile ambalo ukimya wake ulikuwa umeshalisema.

Na sasa mama huyohuyo yuko mbele yangu na kifundo kimevimba.

"Nimeuliza swali dogo," alirudia. "Hospitali yote hii hakuna mtu mwingine wa kupiga picha?"

"Yupo." Sauti ilitoka mezani, pembeni ya mashine. "Mimi hapa. Lakini mimi leo nasahihisha, sipigi. Wa zamu ni huyo."

Alikuwa mwalimu wetu. Wanafunzi tulimwita Bibi Kanuni, akiwa mbali. Mwanamke wa miaka hamsini na nane, mwembamba, miwani yake ikining'inia kwa uzi shingoni, amekaa katika idara ile tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Hakuwa na mume wala mtoto. Watu walinong'ona sababu. Hata mimi, mwaka wa kwanza, nilinong'ona.

Mama alibana midomo. Maumivu yakamshinda, akanyoosha mkono.

"Hii bangili lazima itoke, mama. Inaficha mfupa."

"Haijatoka tangu niolewe."

"Itatoka. Sitakuumiza."

Nilichukua maji na sabuni. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake, nikaanza kuizungusha taratibu, kidogo, nasubiri, kidogo tena. Alikuwa anapumua kwa nguvu puani. Mara moja alinishika bega kwa mkono wake mzima, akalibana, kisha akakumbuka ni bega la nani akaliachia. Bangili ilipotoka, aliitazama ngozi iliyopauka chini yake kama aliyeona kitu cha siri. Nilimkabidhi Plasta. Vidole vyetu vikagusana, na sote wawili tukajifanya havikugusana.

Kisha ikaja ile sehemu niliyoiogopa. Bibi Kanuni alikuwa ameinua kalamu, ananisubiri. Swali lile ni lazima kwa kila mwanamke ambaye hajafika miaka hamsini na tano, na fomu ya mama ilisema miaka hamsini na mbili.

"Mama, samahani. Ni utaratibu. Una ujauzito?"

"Unanitania?"

"Hapana, mama. Tunamuuliza kila mmoja."

"Kwa nini mnauliza?"

Ukweli ulikuwa mmoja tu. "Kwa sababu mionzi inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo tunahakikisha kwanza."

"Ahaa!" Aligeuka na kiti chake. "Umesikia, mwanangu? Kwa kinywa chake mwenyewe!"

"Mama, hiyo ni habari ya mtoto aliye tumboni tayari, siku ile ya picha. Mimi ninapobonyeza nasimama nyuma ya ule ukuta pale. Una risasi ndani. Mionzi hainifikii."

"Mnajificha nyuma ya risasi, halafu mnaniambia hakuna vita!"

Nililaza mkono wake juu ya kaseti, bapa lenye filamu ndani, nikauelekeza, nikamfunika mapajani kwa aproni nzito ya risasi. "Usitikisike, mama." Plasta akatoka, Bibi Kanuni akanifuata nyuma ya ukuta ule ule, nikabonyeza; kisha nikaugeuza mkono ubavu kwenye kaseti ya pili, nikabonyeza tena. Nilipomaliza, kupitia kioo nilimwona Plasta amerudi mlangoni, bangili ya mama yake mkononi, kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau cha kununua.

Mashine yetu ya kusomea kaseti kwa kompyuta ilikuwa imekufa, sasa ni wiki ya pili. Bibi Kanuni alifurahi: "Mtajifunza kama tulivyojifunza sisi." Kwa hiyo kila picha ilipitia chumba cha giza, ikasafishwa kwa dawa, kwa mkono. Nilichukua kaseti mbili nikaingia. Nilikuwa sijazima taa bado Plasta alipoingia nyuma yangu na kushusha komeo.

"Toka. Nina kazi."

"Fanya kazi yako. Mimi nitaongea."

"Mama yako yuko kwenye maumivu."

"Ndiyo maana nasema fanya."

Nikazima taa nyeupe. Ikabaki ile nyekundu, ndogo, ya ukutani. Nikafungua kaseti, nikabana filamu kwenye fremu zake, nikazitumbukiza kwenye dawa ya kwanza. Kuanzia hapo, kwa dakika kadhaa, mlango ule haufunguki kwa mtu yeyote, hata nyumba iungue. Mwanga ukiingia, picha imekufa. Chumba chenyewe ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Nilisikia pumzi yake shingoni mwangu, na harufu ya chokaa, na mwili wangu, msaliti, ukataka kuegemea nyuma.

"Mbona hupokei simu zangu, Kivuli?"

"Kwa sababu najua utakachosema."

"Hujui. Mimi nabanwa. Nyumbani mama, huku wewe. Silali."

"Unabanwa wewe?" Niligeuka. "Wewe jioni unatoka unakwenda kwenu. Mimi nalala humu! Naamka humu. Nikitaka kununua sabuni namuaga baba yangu."

"Basi toka! Ndilo ninalokuambia. Acha haya mafunzo. Mwezi ujao tuoane. Utasomea kitu kingine. Uuguzi, ukunga, chochote. Mama atakubali hata kesho."

"Mkataba je?"

"Mkataba si jela. Watu huandika barua, huacha."

"Na baba?"

Aliegemea mlango. Nilisikia bomba linavyodondosha maji kwenye beseni, tone, tone.

"Nimeshaongea na baba yako," alisema.

"Umefanya nini?"

"Jana jioni, getini. Nilimweleza anavyosema mama. Nilidhani atanifukuza. Kivuli, alilia. Alisema hakujua. Alisema kama kazi hii itakunyima watoto, basi uache, na hatakulaumu hata siku moja."

Nilishika ukingo wa beseni. Miaka miwili nilikuwa nimejiambia ni kwa ajili ya baba. Kila mtihani, kila zamu ya miguu kuvimba, kwa ajili ya baba. Sasa baba ameniachia, mlango niliodhani umefungwa kwa kufuli uko wazi, na badala ya kujisikia mwepesi nilihisi hewa ya kile chumba imekwisha. Kila aliyenipenda alikuwa amekaa kikao, mimi sipo, na kunipangia njia ya kutokea.

Saa ya ukutani ilinikumbusha. Nikatoa filamu kwenye dawa, nikazisuuza, nikainua moja kwenye mwanga mwekundu. Mifupa ya mama yake ilikuwa imejitokeza, midogo ya kiganja imepangana kama kokoto za mtoni, na pale juu ya kifundo, mstari mwembamba umekata mfupa mshazari. Nilipiga vizuri. Hakuna kilichotikisika, hakuna kilichokatwa. Moyo wangu, katikati ya msiba wake, ukafurahi. Na nikajua.

"Siachi," nilisema.

"Kwa sababu ya mkataba?"

"Kwa sababu naitaka hii kazi. Mimi. Sikujua mpaka dakika hii."

"Kuliko mimi?"

"Usiniwekee mizani! Mimi nilikuambia lini uchague kati yangu na plasta zako?" Nikazitumbukiza filamu kwenye dawa ya pili. "Niambie kitu kimoja tu. Wewe si mtu wa barabarani. Unaiona beji yangu kifuani, unajua inapelekwa kupimwa kama nimepigwa na mionzi, unajua majibu yake yamekuwa masafi kila mara. Wewe mwenyewe, si mama yako, unaamini nitakuwa mgumba?"

Alichelewa. Mungu wangu, alichelewa mno.

"Sijui," alisema kwa sauti ya chini. "Nataka kuamini hapana. Lakini mwalimu wenu je? Yuko humu zaidi ya miaka thelathini. Ana mtoto gani?"

Ukutani, usawa wa kifua, kuna kidirisha cha kupitishia kaseti kutoka chumba cha picha. Kina vifuniko viwili vya bati. Huzuia mwanga, sauti haizuii. Nilikumbuka hilo baada ya kusikia mtu anakohoa upande wa pili.

"Hizo filamu zisizidi kwenye dawa," ilisema sauti ya Bibi Kanuni. "Mengine tutayazungumza mkitoka."

Tulitoka kama wezi. Filamu zilikuwa bado zinachuruzika maji. Bibi Kanuni alizipokea, akazitundika kwenye kisanduku cha mwanga, akavaa miwani. Alizitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akachukua daftari langu la mazoezi, akatia sahihi.

"Picha safi," alisema. "Mfupa umevunjika lakini haujahama sana. Utapona."

Mama hakuangalia picha. Alikuwa anamwangalia mwalimu. "Nilisikia," alisema. "Na mimi si mtu wa kuzunguka mbuyu. Dada yangu, wewe una watoto wangapi?"

"Sina."

Mama akamgeukia mwanawe. Uso wake ulitosha.

"Umeuliza nusu," Bibi Kanuni alisema. Alivuta kiti, akakaa wakawa macho kwa macho. "Uliza na nusu ya pili. Uliza kwa nini."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa mwaka wa pili kama huyu. Nilikuwa na mchumba, mhasibu, kijana mzuri, anajua kucheka. Dada zake wakamwambia maneno haya haya. Akasema anipe muda nifikirie. Nikafikiria. Nilipomaliza kufikiria alikuwa ameshaoa. Wa pili alikimbia kabla sijamaliza kumweleza kazi yangu. Wa tatu sikumngoja akimbie. Kwa hiyo, dada yangu, sikuzaa kwa sababu hakuna aliyebaki nizae naye. Mionzi haikupata hata nafasi ya kujaribu." Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. "Kisha watu wakaniona sina mtoto, wakasema, mnaona? Miaka yote hii mimi ndiye ushahidi. Nimefundisha wasichana ishirini na mmoja katika chumba hiki. Wamezaa mpaka nimechoka kufuma soksi za vichanga. Hao hakuna anayewahesabu."

Nilitamani nimshike mkono na nikaona aibu ya kila mnong'ono niliowahi kuunong'ona.

Nikamgeukia Plasta. "Umesikia yote. Mama yako huyu hapa, mwalimu wangu huyu hapa, na mimi. Sema sasa. Sema utaningoja nimalize, au sema hutaningoja. Lolote. Lakini liseme mbele ya mama."

Alifungua mdomo. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akatazama bangili mkononi mwake. Nilimwona jinsi anavyonipenda. Ilikuwa imeandikwa usoni herufi kubwa. Na nilimwona jinsi anavyoogopa.

"Mama amevunjika mkono leo," alisema. "Kivuli, si siku ya..."

"Basi." Sauti yangu ilikuwa tulivu kuliko nilivyotarajia. "Nimekuachia. Mpeleke mama akafungwe, anaumia."

Nilimfungulia ule mlango mzito. Kiti kilipita, magurudumu yakilia. Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Walipoishia ukumbini, nilirudi nyuma ya ukuta wa risasi, mahali ambapo hakuna mgonjwa anayekuona, nikalia dakika mbili. Bibi Kanuni hakuniambia ninyamaze. Aliita tu, kwa sauti yake ya kila siku, "Mwambie anayefuata asubiri kidogo."

Jioni nilikwenda getini. Baba aliniona nikija, akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Mwanangu, mimi sikujua," alianza. "Nilidhani nakuombea riziki. Kama nimekuingiza kwenye..."

"Baba, ni nani aliyekuambia ulie mbele ya Plasta?"

"Ilitokea tu."

"Sikiliza, baba. Mionzi hainikaushi. Nitakuletea karatasi za vipimo uzione kwa macho yako. Na siachi."

"Kama ni kwa ajili yangu, mimi nimekuruhusu. Kuchekwa na watu nimezoea."

"Wewe uliomba nafasi. Kuitaka, naitaka mimi."

Alivuta ukingo wa kofia yake. "Na yule kijana?"

"Nimemwachia."

Baba alifungua geti kumpisha mtu wa mkate, akalifunga. "Ningekuwa na uwezo ningemfunga yeye hiyo plasta mdomoni," alisema. Nikacheka, na kucheka kukageuka kilio, naye akasimama mbele yangu ili wapita njia wasinione.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Nilimkwepa Plasta kila kona; picha zake nilimpa mwenzangu azipeleke. Usingizi ulikuwa mwembamba. Bweni lilikuwa dogo, ukumbi ulikuwa mdogo, na kila mahali nilipokwenda palikuwa na mlango aliowahi kusimama mbele yake. Ukiachana na mtu wa mtaani unahama mtaa. Ukiachana na mtu wa kazini, ndani ya uzio, utahamia wapi?

Alhamisi iliyofuata mama alirudi kupigwa picha ya kuangalia kama mfupa umekaa. Alikuja peke yake, kwa miguu, mkono umening'inia shingoni. Mwenzangu alimwita aingie. Akakataa.

"Namngoja yule mwingine," alisema.

Nilimwingiza. Nilimlaza mkono mezani, sikuzungumza zaidi ya kazi. Nilipomaliza hakuinuka.

"Sijakubali bado," alisema. "Nisikudanganye. Hofu haitoki kwa siku moja."

"Sawa, mama."

"Lakini nimekaa wiki nzima na mwanamume ndani ya nyumba asiyekula, asiyesema, anayetazama ukuta. Nilimlea asinipinge. Kila aliponikubalia nilijisifu: nina mtoto mtiifu. Siku ile ulipomwambia aseme mbele yangu, nilitaka aseme. Unaamini? Moyoni nilikuwa nasema, sema, mwanangu, sema hata la kunichukiza. Hakusema. Nikajua nimemlea vibaya." Alijifuta pua kwa kitambaa. "Utamrudia?"

"Amekutuma, mama?"

"Hajui kama nimefungua mdomo."

"Basi aje mwenyewe. Mkono uliovunjika ni wako. Wake ni mzima, unaweza kubisha hodi."

Aliniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu kikombe kile kishuke, akatabasamu upande mmoja wa mdomo. "Una ulimi," alisema. "Vizuri. Nyumba yetu imekosa ulimi zaidi ya wangu."

Plasta alikuja Jumamosi, saa nne asubuhi, siku ambayo hakuwa na zamu. Nilikuwa ukumbini nikipeleka bahasha wodini niliposikia sauti ya baba kutoka getini, ile sauti yake ya kazi, kavu.

"Jina?"

"Baba, si unanifahamu?"

"Siku ya zamu nakufahamu. Leo huna sare, huna zamu. Wewe ni mgeni. Wageni wanaandikwa. Unamtaka nani?"

Nyuma ya Plasta palikuwa na foleni ya watu waliokuja kuona wagonjwa wao, zaidi ya kumi, na vikapu vyao na haraka zao. Nilisogea nikasimama nyuma ya nguzo iliyo karibu na geti.

"Namtaka binti yako."

"Sababu ya kuja? Kwenye daftari hili pana sehemu ya sababu. Sema kwa sauti, sikio langu la kushoto halisikii vizuri." Sikio la baba la kushoto husikia sisimizi.

Plasta aligeuka akaitazama ile foleni. Aligeuka tena. Nilimwona anavyovuta pumzi mpaka mabega yakapanda.

"Nimekuja kumwomba msamaha!" alisema, na sauti yake ikafika wodini. "Aliniomba niseme neno moja mbele ya mama yangu, nikaogopa. Jana usiku nimemwambia mama. Nimemwambia nitamngoja amalize masomo, na miaka yake miwili ya kuitumikia hospitali, na nitamwoa yeye, tukijaliwa watoto, tusipojaliwa, yeye. Andika hivyo, baba."

"Hiyo haienei kwenye mstari mmoja," baba alisema.

"Andika pembeni!" mwanamke mmoja alipaza sauti kutoka kwenye foleni. "Andika tupite!"

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Aliandika polepole, akigandamiza kalamu, na nilipotazama vizuri niliona kidevu chake kinatetemeka. Kisha bila kugeuka, kana kwamba ana macho kisogoni, akasema, "Binti, toka kwenye hiyo nguzo. Una mgeni."

Nilitoka. Plasta alikuwa upande wake wa geti, mimi upande wangu, vyuma katikati. Alikuwa amekonda. Niliyatazama macho yale ambayo kwa siku tisa nilijifunza kuyakwepa, na hayakukimbilia sakafuni.

"Kivuli," alisema.

"Nina wagonjwa sita wanasubiri picha," nilimjibu. "Siwezi kutoka sasa. Sitaweza kutoka kila utakaponihitaji, kwa mwaka huu na mingine ijayo. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Nitamaliza saa nane."

"Nitakuwa hapa."

Baba aliburuta benchi lake la mbao kwa mguu, akalisogeza kivulini. "Kaa," alimwambia. "Mtu anayengoja asisimame. Atachoka mapema."

Nikageuka nikarudi ndani, bahasha kifuani, nikitembea haraka kwa sababu wagonjwa wangu walikuwa wanangoja. Nilipofika kwenye mlango wa chumba cha picha niliusukuma kwa bega, kama kawaida, maana mkono mmoja hautoshi. Ulikuwa mzito vilevile. Mwanamume mzee mwenye goti baya aliinua macho kutoka kwenye benchi.

"Mbona unacheka peke yako, binti?"

"Karibu ndani, babu," nilisema. "Tuanze na wewe."